Elmu kibete kwa bonsai ya sentimita 15: Hokkaido, Seiju au Catlin?

Mche Mdogo: Wakuu, nalea bonsai (mti unaodumishwa mdogo chunguni) ya elmu ya Kichina, aina ya Hokkaido. Majani ni madogo ajabu, lakini shina halinenepi na matawi yanakatika nikiyafunga waya ili kuyapinda. Nibadilishe aina au namna ya kulea?

Pingili: Vyote viwili. Jani dogo hulisha shina kidogo, ndiyo maana Hokkaido hunenepa polepole mno, hasa ikiwekwa mapema kwenye chungu cha bonsai. Seiju imetokana na chipukizi la Hokkaido lililobadilika: jani lake ni kubwa kidogo, hukua haraka zaidi na gome lake la kizibo (gome nene lenye mipasuko) hutokea mapema. Kwa kimo hicho ningechukua Seiju bila kusita. Catlin nayo ina gome laini, na mahali pasipo baridi kali hubaki na majani karibu mwaka mzima.

Panda ardhini au kwenye sanduku pana. Acha tawi moja la chini, upande wa nyuma, lirefuke bila kukatwa. Hilo ndilo linalonenepesha shina. Unene ukitosha, liondoe. Kovu litakuwa nyuma, halitaonekana.

Mkasi Mkali: Waya achana nao, isipokuwa kwenye chipukizi ambalo bado ni bichi. Kwenye tawi kukuu waya huponda kizibo, kikabanduka. Elmu huundwa kwa mkasi: ngoja chipukizi lifikishe majani 6 hadi 8, kisha kata yabaki 2. Tawi jipya litaelekea upande wa jani la mwisho ulilobakiza, kwa hiyo chagua jani kabla ya kukata. Machipukizi yakitoka mengi sehemu moja bakiza mawili tu, la sivyo panavimba nundu isiyofutika.

Mche Mdogo: Na mizizi minene ninayokata nikibadilisha udongo, inaota?

Pingili: Inaota vizuri. Kata vipande vya sentimita 5 hadi 8, panda ncha iliyokuwa karibu na shina ikiwa juu, ichomoze kidogo. Ukigeuza juu chini umepoteza kipande. Hakikisha kwanza mti haukupachikwa juu ya shina la aina nyingine. Ukiwa umepachikwa, mizizi itakupa elmu ya majani makubwa.

Mkasi Mkali: Ukipata vidukari, usipulizie dawa ya wadudu ya dimethoeti. Elmu ya Kichina huweza kupukutisha majani yote.