Naomba msaada: karatasi ya mpwa wangu imejaa maneno ya misuli, siyaelewi

Mjomba wa Gungu

Mwakeye wakuu. Niko Kigoma, Gungu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 6. Alichelewa kutembea, tukasema mvivu kama babu yake. Alipoanza shule ndipo tukashtuka: wenzake wanakimbia, yeye anaburuta. Anaanguka hovyo, anatembelea ncha za vidole. Akitaka kuinuka kutoka chini anajipanda mwenyewe: mikono sakafuni, halafu magotini, halafu mapajani, ndipo anasimama. Utadhani mzee wa miaka 80. Na la ajabu, mashavu ya miguu yake ni manene na magumu kama ya mchezaji mpira. Bibi yake mzaa baba anasema mtoto ana mshipa, achuliwe kwa mawese na achanjwe chale.

Mwaka jana hospitali moja walipima damu wakatuambia ini limeharibika, asiguse mafuta. Miezi minne mtoto wa Kigoma hajala mgebuka wa kukaanga! Hakuna kilichobadilika. Wiki iliyopita daktari mwingine alimwangalia akiinuka sakafuni mara moja tu, akaagiza kipimo kingine na kutuandikia rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Foleni ilikuwa hadi nje, tukatoka na karatasi bila maelezo. Nanukuu nilivyoweza kusoma:

CK 14,200. ALT 310. AST 265. Miopathia, inashukiwa distrofia ya Duchenne. Hipetrofia bandia ya mashavu ya miguu. Gowers chanya. Apimwe vinasaba, EMG au biopsi ikibidi. Eko ya moyo.

Gowers ni nani? Na hiyo chanya ni habari njema au mbaya? Halafu shemeji amesikia mahali kwamba ugonjwa huu "unatoka kwa mama", sasa ukweni kwa dada kunawaka moto.

Kidato cha Mwisho

Mimi msuli ninaoujua ni ule wa kupiga usiku wa kuamkia mtihani. Pole sana mkuu, nimeweka kigoda nasubiri wajuzi.

Chumvi ya Uvinza

Huo ni mshipa, bibi yuko sahihi. Mkande kwa chumvi ya moto siku saba. Dawa ya kunywa ninayo, njoo chemba.

Nyosha Viungo

Chemba asije mtu. Mimi ni mfiziotherapia, niko Tabora, na hilo neno "mshipa" limenisumbua kazi yangu yote. Mshipa wa damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, kano ni mshipa, ngiri nayo mshipa. Mgonjwa akiniambia "mshipa umekaza" nabaki kumuuliza upi. Anachoumwa mpwa wako ni msuli wenyewe, ile nyama.

Haya maneno yana viungo, ukiyakata hayatishi. "Mio" ni msuli, tumelipata kwa Wagiriki wa kale, ambao panya na msuli waliviita jina moja. Kwa hiyo miopathia ni ugonjwa wa msuli, basi, bado haijasema upi. Ukikuta mialgia ni maumivu ya msuli, miositi ni msuli uliovimba kwa kushambuliwa. Atrofia ni kusinyaa, hipetrofia ni kunenepa. Distrofia maana yake ya asili ni lishe mbaya, lakini msije mkadhani mtoto alinyimwa chakula. Ni kundi la magonjwa ya kurithi ambayo nyuzi za msuli zinachakaa kidogo kidogo. Hipetrofia "bandia" ndiyo hayo mashavu ya miguu: yamejaa, ila sehemu kubwa ya kilichojaa ni mafuta na makovu yaliyochukua nafasi ya msuli. Ndiyo maana ana miguu ya mchezaji na kukimbia hawezi.

Gowers alikuwa daktari Mwingereza. Mwaka 1879 alieleza namna hiyohiyo ya kuinuka kwa kujipanda mapaja. Chanya hapo maana yake ishara ipo. Duchenne naye ni daktari Mfaransa wa karne ya 19, distrofia hii imepewa jina lake.

Sasa namba. CK ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya msuli. Nyuzi zikichanika kinavujia kwenye damu. Kwa kawaida hakizidi 200 hivi, yeye ana 14,200. Na hapa ndipo mlipopotezwa njia: ALT na AST watu wengi wanavijua kama vipimo vya ini, lakini msuli nao unavyo. Msuli ukivuja vinapanda, mtu anasingizia ini. Angalia kama kuna sehemu walipima GGT, kipimo kingine cha ini. Hiyo msuli hauipandishi.

EMG ni sindano nyembamba ya kupima umeme wa msuli. Biopsi ni kukata kipande kidogo cha msuli kikaangaliwe kwa hadubini. Kwa dalili kama hizi na CK ya hivyo, siku hizi huanzwa na vinasaba, yaani chembe za urithi, damu tu, na vikijibu hayo mawili mara nyingi hayahitajiki. Ndiyo maana kaandika "ikibidi".

Kuhusu shemeji: kinasaba kinachotengeneza distrofini, protini inayoushikilia msuli usichanike, kiko kwenye kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba urithi. Mtoto wa kiume anayo X moja, na anaipata kwa mama. Hapo yuko sahihi. Lakini katika watoto kama watatu, mmoja mama yake hana hitilafu hiyo kabisa, imezuka upya kwa mtoto. Na hata mama akiwa nayo hakuipanda yeye. Mwambie shemeji kabla ya kuitisha kikao cha ukoo asubiri majibu.

Mama Wawili

Mjomba, nimesoma nikalia kidogo. Mwanangu ana ugonjwa huuhuu, ana miaka 13, tuko Urambo. Sitakudanganya, dawa ya kuuondoa kabisa hatukuipata. Yeye anatumia prednisoloni, ni steroidi, inachelewesha. Alitembea hadi 11, sasa ana kiti cha magurudumu na darasani ni wa pili.

Mambo niliyojifunza kwa kuumia: steroidi usiikatishe ghafla hata siku zikiisha ukiwa safarini, beba za akiba. Uso unavimba, njaa inakuwa ya kutisha. Kabla hajaanza uliza chanjo zipi zimebaki, nyingine hazitolewi akishaanza. Kila asubuhi namnyoosha vifundo vya miguu taratibu, waombeni wawafundishe. Kuchua kwa nguvu ACHENI. Na siku akihitaji upasuaji wowote, hata wa jino, mwambie wa usingizi neno Duchenne kabla hajashika sindano. Kuna dawa ya kulegeza misuli inaitwa suksamethonium, kwa watoto hawa inaweza kusimamisha moyo. Mimi nimeliandika kwenye jalada la daftari lake la kliniki.

Eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti, usiidharau. Moyo nao ni msuli.

Mtoto wa Kibirizi

Swali la pembeni, je kuogelea ziwani kunafaa? Huku ndiyo mazoezi yetu.

Nyosha Viungo

Maji yanafaa kuliko kukimbia au kushuka ngazi, ila kwa kiasi na mtu mzima akiwa naye. Na muangalie kichocho.

Mjomba wa Gungu

Nimerudi wakuu. Nimegeuza karatasi ya mwaka jana, nyuma chini kabisa: GGT 19, pembeni wameandika kawaida. Ilikuwepo muda wote!

Nyosha Viungo

Basi ini halina kosa. Mrudishieni mgebuka wake. Hiyo karatasi ya zamani nendeni nayo Mwanza msiiache, na kwa kuwa ameshavuka miaka 5 na ile huduma ya bure ya watoto hayumo, kama hana bima anzieni ustawi wa jamii palepale hospitalini.

Mjomba wa Gungu

Dada nimemsomea uzi wote kwa sauti, shemeji akiwa mlangoni anajifanya anafunga baiskeli. Nilipofika pale pa mmoja kati ya watatu akaniambia rudia. Nikarudia. Hajasema kitu, ila nauli ya Mwanza ametoa yeye. Dada ameingia jikoni na ile chupa ya mawese ya kuchulia, nasikia kikaango.

Tunaondoka Jumatatu alfajiri na basi. Kuna anayejua pa kulala karibu na Bugando, pa bei ya kawaida, na pasipo na ngazi?