Ushauri: Wageni wanapigia makofi maelezo yetu, kisha wanasimama juu ya matumbawe

Mwambani

Wakuu, salaam. Wenye uzoefu wa kuongoza wageni hifadhini, naomba mnisaidie kufikiri.

Nasimamia waongozaji katika hifadhi ndogo ya bahari. Wageni huogelea kwa miwani na mapezi juu ya mwamba wa matumbawe. Kabla hawajaingia majini tunawakalisha na kuwapa maelezo marefu: aina za samaki, umri wa matumbawe, jinsi joto la bahari linavyoyapausha, na sheria kumi na mbili za hifadhi. Wanasikiliza, wanauliza maswali ya maana, wanapiga makofi. Muda si mrefu yule yule aliyeuliza swali zuri kuliko wote unamkuta kasimama wima juu ya tumbawe, anarekebisha miwani. Ufukweni nako wanaokota makombe na kutia mfukoni.

Langoni tuna bango: "Kila mwaka wageni wengi huondoka na makombe na vipande vya matumbawe. Hifadhi inaharibika. Tafadhali acheni." Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba bango hilo limezidisha tatizo. Mabosi wanataka tupunguze maneno, tuongeze faini.

Mimi bado naamini maelezo mazuri humgusa mtu akabadilika, ila nikiambiwa nithibitishe sina cha kushika. Maelezo yanambadilishaje mgeni pale pale hifadhini? Na akisharudi kwao, kuna kinachobaki?

Jiwe Kavu

Piga faini mkuu. Maneno matamu waachie wanasiasa.

Nyayo Nyepesi

Mwambani, anza na bango. Ling'oe. Mwenzako ana hoja nzito.

Arizona, Marekani, kuna hifadhi ya taifa iitwayo Petrified Forest, yenye magogo ya kale yaliyogeuka mawe. Wageni walikuwa wakiondoka na vipande. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake wakatawanya kwenye njia vipande vilivyotiwa alama, kisha wakawa wanabadilisha mabango. Bango moja lilisema wageni wengi waliopita wamechukua vipande na kuharibu hali ya asili ya msitu. Jingine liliwaomba tu wageni wasichukue. Matokeo waliyoyachapisha 2006: chini ya bango la kwanza viliibwa vipande 7.92 katika kila 100, chini ya la pili 1.67.

Mgeni akiwa mahali asipopajua hutazama wenzake wanafanya nini. Bango lako linamwambia wenzake wanaokota. Mlikusudia kumwonya, mkampa ruhusa. Na si bango tu. Wapo waongozaji wanaofungua maelezo yao kwa kulalamika kuhusu wageni wa jana, kundi zima linaondoka likijua kwamba hapa kuvunja ni jambo la kawaida.

Ukitaka kutumia nguvu ya wengi, itumie upande wa pili. Mwaka 2008 Noah Goldstein, Cialdini na Vladas Griskevicius walichapisha jaribio la kadi za hotelini zinazoomba wageni warudie kutumia taulo. Kadi ya kawaida ya kutunza mazingira iliitikiwa na asilimia 35 hivi. Iliyosema kwamba wageni wengi wa hoteli hiyo hurudia taulo zao iliitikiwa na asilimia 44. Maneno machache tu yamebadilishwa. Ila iwe kweli: kama kwako wengi wanaokota, usiandike kwamba wengi hawaokoti. Omba tu waziwazi.

Mzamiaji

Nimesoma uzi nikacheka, kwa sababu kazi yangu ni hiyo hiyo. Nikupe mifano miwili inayoonekana kupingana, halafu nieleze kwa nini haipingani.

Ras Mohammed, hifadhi ya taifa ya Misri kwenye Bahari ya Shamu. Watafiti waliwafuata wazamiaji majini wakahesabu mara wanazogusa mwamba. Kisha wazamiaji wakapewa maelezo juu ya uhai wa matumbawe na namna yanavyoumia, na baada ya hapo wakaoneshwa majini lipi ni tumbawe hai na lipi ni jiwe tupu wanaloweza kulishika. Migusano ikashuka kutoka wastani wa 1.4 hadi 0.4 kwa kila mzamiaji katika kipindi cha dakika saba. Utafiti huo ulitoka 1997.

Sasa nenda kisiwa cha Saint Lucia, Karibi, utafiti wa 2004. Huko sentensi moja ya kuomba watu wasiguse mwamba ilipachikwa ndani ya maelezo ya kawaida kabla ya kuzama. Haikubadilisha kitu. Kilichobadilisha ni kiongozi wa msafara kumwendea mtu aliyegusa na kumrekebisha hapo hapo majini. Migusano ikapungua kutoka kama 0.3 kwa dakika hadi 0.1.

Tofauti yake iko hapa. Kule Misri mtu alionyeshwa mahali penyewe kwa macho yake, na akapewa kitu anachoruhusiwa kushika. Kule Karibi alitupiwa sentensi katikati ya habari za vifaa na usalama, akiwa bado anahangaika na mkanda wa miwani. Maneno hayo yalikuwa yameshapotea kabla hajalowana.

Jambo jingine kutoka Saint Lucia: migusano mingi ilitokana na mapezi, na wenye kamera waligusa zaidi. Aliyekuja na kamera mpeleke mbele, karibu na mwongozaji. Usimwache nyuma ambako anapiga picha bila kuonwa.

Halafu swali, Mwambani. Umesema alikuwa *anarekebisha miwani*. Je, mmewahi kuwauliza wanaosimama kwa nini wanasimama?

Jiwe Kavu

Kwa sababu hawaogopi faini 😄

Nyayo Nyepesi

Jiwe, faini inafika pale jicho la askari linapofika. Chini ya maji hakuna askari. Na mtu akizoea kwamba sababu ya kutokanyaga ni askari, siku askari hayupo sababu nayo haipo. Ndiyo maana mwongozaji mzuri haanzi na "hairuhusiwi". Anaeleza kinachotokea kwenye kiumbe: tumbawe limevikwa nyama laini, nyembamba mno, juu ya chokaa, na pezi likisugua linaichubua. Mgeni akilielewa hilo, anachokiheshimu ni tumbawe lenyewe, hata kofia ya askari isipoonekana. Sisemi sheria ifutwe. Wapo watakaovunja makusudi, hao ni wako Jiwe. Lakini wengi wa wageni hawana nia mbaya.

Bi Hekaya

Naomba niingie kwa upande wa maelezo yenyewe, maana hapo ndipo naona kazi kubwa.

Freeman Tilden, aliyeandika misingi ya kazi hii mwaka 1957 baada ya kuzunguka hifadhi za Marekani, alisema lengo kuu la kumfasiria mgeni, yaani kumsaidia aone maana ya anachokitazama, si kumfundisha bali kumchokoza afikiri. Kwamba taarifa tupu si ufasiri. Maelezo yako, kwa ulivyoyaeleza, ni somo la darasani lililohamishiwa ufukweni. Na mgeni si mwanafunzi, hana mtihani. Sam Ham, mtaalamu mwingine wa fani hii, amesisitiza sana kwamba wasikilizaji wetu ni watu huru: wakichoka, mwili unabaki lakini akili inaondoka. Makofi yasikudanganye, wageni wengi hupiga makofi kwa adabu.

Ham huyo huyo anatenganisha mada na ujumbe. "Matumbawe" ni mada. "Mwamba huu umejengwa na wanyama wadogo, na kile unachokivunja kwa sekunde moja kinaweza kuchukua miaka mingi kurudi" ni ujumbe. Mgeni atasahau majina yote ya samaki, lakini ujumbe mmoja uliokaa vizuri anaweza kuondoka nao. Kwa hiyo muulize kila mwongozaji wako: ukiruhusiwa sentensi moja tu, utasema nini? Akishindwa kujibu, hana ujumbe, ana orodha.

Sheria kumi na mbili nazo ni nyingi mno kwa mtu aliyevaa mapezi. Chagua tendo moja au mawili unayotaka kuyaona yakibadilika, na maelezo yote yaelekee hapo. Hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu: tunadhani mtu akijua atapenda, akipenda atalinda, basi. Icek Ajzen, mwanasaikolojia ambaye nadharia yake hutumika sana kwenye kazi hizi, anataja mambo matatu yanayojenga nia ya kutenda: mtu anavyoliona tendo lenyewe, anavyodhani watu wa maana kwake wanalitazamaje, na kama anajiona analiweza. Mgeni wako anaweza kuyapenda matumbawe kwa moyo wote na bado akayakanyaga, kwa sababu maji yameingia kwenye miwani na hana pa kushika. Swali la Mzamiaji ndilo swali lenyewe.

Mwambani

Wakuu, nimewauliza waongozaji, na wao wamewauliza wageni. Karibu wote wanataja mambo yale yale: maji kuingia kwenye miwani, kuchoka, au kuogopa ghafla. Hakuna hata mmoja aliyesema hakujua kwamba tumbawe ni kiumbe hai. Yaani tumekuwa tukiwafundisha wanachokijua.

Kuna kingine waongozaji wamenieleza kwa shida kidogo. Wanaogopa kumrekebisha mgeni majini kwa sababu akichukia, bakshishi inapotea.

Mzamiaji

Hilo la bakshishi lipo kila mahali, hamko peke yenu. Dawa yake ni kuomba ruhusa mapema, mkiwa bado nchi kavu. Mwongozaji aseme: "Nikikuona unaelekea kugusa nitakushika kiwiko na kukuinua, tumekubaliana?" Wote wataitikia. Akija kuguswa baadaye anakuta ni jambo alilolikubali mwenyewe, hakuna aibu.

Kuhusu miwani: weka maboya ya kushikilia yenye kamba, mtu apumzikie hapo. Na dakika mnazotumia kutaja majina ya samaki zitumieni kuwafundisha kutoa maji kwenye miwani wakiwa wanaelea, kwenye mchanga, kina cha kiuno. Kila mmoja afanye kwa mwili wake. Usiwaulize kama wameelewa, watasema ndiyo.

Kasa Mkongwe

Swali lako la pili naona limesahaulika: kinachobaki akirudi kwao.

Kinabaki, ila si kingi kama tunavyojisifu, na kinahitaji kushikwa mkono. Tangalooma, Australia, wageni hulisha pomboo mwitu wanaosogea ufukweni. Mtafiti Mark Orams alilinganisha waliolisha bila programu ya maelezo na waliopitia programu iliyopangwa. Alipowatafuta tena miezi kadhaa baadaye, waliopitia programu walitaja zaidi vitendo kama kuokota taka ufukweni na kuchangia mashirika ya mazingira. Visiwa vya Galápagos, Ekuado, Robert Powell na Sam Ham walichapisha 2008 matokeo kwamba safari yenye ufasiri mzuri iliongeza maarifa ya wageni, mtazamo wao na utayari wao wa kuchangia uhifadhi wa visiwa.

Lakini soma kwa jicho kali. Sehemu kubwa ya tafiti hizi zinategemea mgeni kujieleza mwenyewe, na mtu akiulizwa kuhusu wema wake huwa na kumbukumbu nzuri mno. Halafu nia anayoondoka nayo langoni hupoa haraka akirudi kwenye shughuli zake. Kwa hiyo mpe jambo dogo, lililotajwa waziwazi, analoweza kulifanya kabla joto halijaisha. "Tunza bahari" halimpi la kufanya. Kuchangia matengenezo ya boya alilolishikilia saa moja iliyopita, hapo ana la kufanya, na akitaka anaacha anwani apelekewe picha ya mwamba baada ya miezi michache. Palau, nchi ya visiwa kwenye Bahari ya Pasifiki, tangu 2017 mgeni anatia saini ahadi ya kuwajibika kimazingira, iliyogongwa muhuri ndani ya pasipoti yake, wakati wa kuingia nchini. Ahadi ya kutiwa saini ina uzito wake, ingawa peke yake singeitegemea.

Mwambani

Nimeyachukua. Sasa mabosi. Nawaonyesha nini?

Nyayo Nyepesi

Usiwapelekee dodoso la "umefurahi kiasi gani". Hesabu matendo. Mtu mmoja aelee na kundi akiwa kama mgeni wa kawaida, ahesabu migusano kwa kila dakika kumi. Siku nyingine maelezo ya zamani, siku nyingine mapya, mkipanga kwa kura, ili msije mkajikuta maelezo mapya yote yameangukia siku za bahari shwari. Ufukweni fanyeni kama Arizona: makombe yenye alama, yanahesabiwa asubuhi na jioni. Na mwongozaji asijue ni siku gani anahesabiwa, la sivyo utakuwa unapima woga wake.

Bi Hekaya

Na bango jipya? Mimi napendekeza: "Kombe tupu ni nyumba ya kaa anayetafuta kuhamia. Tafadhali liache lilipo."

Kasa Mkongwe

Zuri, mama. Ila lisikae langoni. Langoni mtu anatafuta choo na tiketi.

Mwambani

Litakaa pale maji yanapotupa makombe. Sheria kumi na mbili zinahamia nyuma ya tiketi, mdomoni zinabaki mbili: usiguse, na ukichoka shika boya. Wiki hii tunafunga maboya, kuhesabu kunaanza na kundi linalofuata.

Jiwe Kavu

Faini lakini msiifute.

Mwambani

Haifutwi, Jiwe. Nayo iko nyuma ya tiketi.