Wauza dinamo za "kilowati 10" juu ya injini ya hospawa 12, mnatuona mazuzu?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira na usiku nimelala saa tatu tu.

Kama umewahi kununua injini ya Mchina ya silinda moja, ile ya kulala inayofungwa kwenye mashine za kusaga na pawatila, ukafungiwa dinamo kwa mkanda ili upate umeme wa nyumbani, njoo tulie pamoja. Kama ndiyo kwanza unataka kununua, soma mara mbili.

Nakaa Mkuranga, ndani ndani huko. Bwawa la Mwalimu Nyerere tumeliona kwenye taarifa ya habari: mitambo tisa, megawati 2,115, na makofi tumepiga. Kwetu umeme haukwami bwawani. Sisi tuko mwisho wa laini. Mvua ikinyesha nguzo inalala, na jioni mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko, taa zetu zinakuwa kama kibatari. Mama watoto ana friza mbili za samaki na barafu. Umeme ukikatika mchana kutwa, kesho yake tunakula changu waliolegea wiki nzima na wateja wanahamia kwa jirani.

Nikaenda duka moja Kariakoo. Kijana akanipangia seti: injini ya hospawa 12, mizunguko 2,200 kwa dakika, na dinamo ina kibati kinachong'aa kimeandikwa 10 KW. "Mzee, hii unawasha nyumba, welding na bado inabaki." Milioni 2 na laki 4, usafiri juu yangu. Nikalipa. Mimi nilifaulu hesabu, naomba mjue hilo, lakini siku ile akili niliiacha kwenye daladala.

Sasa tupige hesabu ambayo ningepaswa kuipiga dukani. Hospawa moja ni kama wati 735. Mara 12, unapata kilowati 8.8. Hizo ndizo zinazotoka kwenye shafti ya injini ikiwa mpya, ikiwa safi, ikizunguka 2,200. Mkanda unakula kidogo, dinamo nayo inakula chake. Ukibakiwa na 7 umshukuru Mungu. Hiyo 10 inatoka wapi? Kwenye dizeli gani? Nilipompigia kijana akanijibu bila aibu: "Mzee, kilowati ni za dinamo, siyo za injini." Yaani umeniuzia pipa la lita 200 na ndoo moja ya maji, halafu unasema lita 200 ni za pipa.

Na hapo bado sijafika kwenye uhuni wenyewe.

Dinamo hizi zimetengenezwa zizunguke 1,500 kwa dakika ili zitoe volti 230 na hezi 50, kama umeme wa gridi. Injini inazunguka 2,200. Kwa hiyo puli, yale magurudumu yanayovaa mkanda, haziwezi kulingana. Kama ya injini ina milimita 150, ya dinamo inatakiwa iwe 220. Hesabu ya darasa la sita hiyo. Mimi nilifungiwa puli mbili zinazolingana, pacha kabisa! Fundi waliyenitumia alipowasha, mita ikapanda kupita 300. Badala ya kubadili puli akashusha akseli, ule mkono wa kuongeza na kupunguza kasi ya injini, mpaka mita ikasoma 230, akakunja vifaa, akadai nauli.

Kumbuka ukishusha injini kutoka 2,200 hadi 1,500, nguvu nazo zinashuka. Ile 8.8 inakuwa 6. Toa za mkanda na dinamo, nimebaki na kilowati 5 kasoro. Nusu ya kibati. Na mimi najua nina 10, kwa hiyo nawasha friza mbili, pampu ya maji, feni, TV. Mnajua kompresa ya friza inavyovuta inapoanza. Injini ikakohoa, moshi mweusi, taa zikafifia. Nikakumbuka ushauri wa fundi: "Ukiona taa zinalegea vuta akseli kidogo." Nikavuta. Taa zikarudi, nikajiona injinia. Dakika chache baadaye friza zote mbili zikajizima zenyewe kama kawaida yake, pampu ikajaza tanki ikakata, injini ikabaki haina mzigo na akseli iko juu, ikakimbia na volti zikapanda nayo. Nikasikia pah! King'amuzi, TV, taa nne. Siku ya pili dinamo yenyewe ikaanza kunuka.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayesuka mota pale Mbagala. Akaifungua, akachukua waya, akaukwaruza na kisu. Nje rangi ya shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa vanishi ya rangi ya kopa, yaani shaba. Mzee akacheka, akaniambia nisimlaumu Mchina, kwani kiwandani wanazo za kopa pia, ila mwagizaji wetu ndiye anayechagua za rahisi na kuagiza na kibati anachokitaka. Kama ni kweli, basi anayetuibia tunasalimiana naye msikitini na kanisani. Na wanaokagua mizigo bandarini huwa wanakagua nini, rangi?

Marehemu baba alikuwa na mashine ya kusaga inayoendeshwa na injini ya dizeli ya Lister, zile za Dursley, Uingereza, zenye magurudumu mawili makubwa. Kibati kilisema hospawa 6 kwa mizunguko 650, na 6 ilizitoa, huku inadunda taratibu unaweza kuhesabu. Hata zile zilizoigwa kule Rajkot, India, pamoja na mchanga wanaoukuta watu ndani ya bloku, hospawa za kwenye kibati zinakuwepo. Siziombi zirudi, ni nzito kama dhambi. Naomba namba iwe namba.

Tuje kwenye mafuta, maana na hapa tunadanganywa kwamba "dizeli haili". Nimepima kwa dumu. Lita 5 zinanipeleka saa 5, mzigo wangu wa kawaida ukiwa kama kilowati 1.2. Ni uniti 6. Lita naipata kwa kama 3,000, kwa hiyo 15,000 gawa kwa 6: shilingi 2,500 kwa uniti moja. Umeme wa gridi kwa matumizi yangu ni kama 356. Hata ukiipakia injini vizuri, lita moja ya dizeli kwa injini ndogo itakupa uniti 3 hivi, yaani bado unalipa 1,000. Kuwasha injini ya hospawa 12 kwa ajili ya taa na friza moja ni kukodi fuso kubeba kilo ya sukari, na injini yenyewe inaugua: haipati joto, masizi yanajaa kwenye bomba la moshi, oili inatoka nyeusi mapema.

Dizeli ya madumu ya barabarani sitaki hata kuizungumzia. Nilinunua mara moja, nozo inayopulizia dizeli kwenye injini ikaziba.

Jambo moja ambalo si la utani. Yule fundi alitaka kuniunganishia nyumba kwa waya wenye plagi dume pande zote mbili, uchomeke kwenye soketi na umeme uingie. Bila chenji ova, ile swichi ya kuchagua gridi au jenereta! Ukisahau kuzima swichi kuu, umeme wako unatoka nje, unapanda kwenye transfoma kinyumenyume, na kijana aliyepanda nguzo kututengenezea laini anakufa. Nilimfukuza. Kama nyumbani kwako kuna waya wa namna hiyo, ukate leo.

Najua wapo watakaokuja na "mkuu ungeweka sola". Sawa. Niletee sola ya kubeba friza mbili na bei yake, tuijadili kwa namba, siyo kwa picha za paneli. Na wale wa "ungenunua jenereta ya petroli" nao waje na dumu na saa kama nilivyofanya.

Ninachotaka kwenu: nani amepata dinamo ya kopa kweli, duka halikumpiga, na aliipimaje? Mzee wa Mbagala anasema tuanze na mzani, kwani ya kopa lazima ikuvunje mgongo. Na nani anajua pa kupeleka malalamiko nikasikilizwa? Nina risiti, nina kibati, nina waya uliokwaruzwa.

Leo asubuhi nimempigia yule kijana mara ya mwisho, nikamweleza yote, hospawa, puli, alumini. Akanisikiliza mpaka mwisho, mpole kabisa. Halafu akasema: "Pole mzee. Basi njoo uongeze laki tatu nikubadilishie, zimeingia za kilowati 15, injini ni hiyohiyo."