Mdogo wangu ana valvu ya bandia, sasa kaandikiwa fenobabitoni. Wafarini itakuwaje?

BintiUyole: Habari zenu wadau. Mdogo wangu aliwekewa valvu ya chuma pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, homa ya baridi yabisi ya utotoni ndo iliharibu ile ya kwake. Anameza wafarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku. Juzi kati kaanza kudondoka degedege, huku kwetu Mbeya kaandikiwa fenobabitoni na kaanza leo, sasa nimesikia hizo dawa mbili hazipatani. Je kuna utafiti wowote? Naogopa jamani.

MfamasiaSoweto: Pole sana dada. Ni kweli, na linajulikana miaka mingi, fenobabitoni yenyewe iko sokoni tangu 1912. Inaamsha vimeng'enya vya ini, ini linaichakata wafarini haraka, kwa hiyo dozi ileile inakuwa haitoshi na damu inaganda kwenye valvu. Haitokei siku ya kwanza, inakuja taratibu ndani ya wiki kama mbili, ndo maana watu wanajiona wako salama. Apime INR (kipimo cha muda wa damu kuganda, ikipanda damu inachelewa kuganda) kila wiki mpaka itulie, daktari apandishe wafarini kufuata kipimo. Na siku akiachishwa fenobabitoni hapo ndo pa kuogopa zaidi, ini linarudi polepole, INR inapanda wiki kadhaa mbele na mtu anavuja damu. Asiache mwenyewe ghafla hata moja, fenobabitoni ukiikata ghafla degedege inarudi kwa nguvu.

NusuKaputi_Iringa: Naongezea, mie nipo chumba cha upasuaji. Fenobabitoni ina ndugu yake, thaiopentoni, ile dawa ya usingizi ya kumlaza mgonjwa wa operesheni, inatanua mishipa na kupunguza nguvu ya msuli wa moyo, presha inashuka. Mwenye valvu ya aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni) iliyobana hana namna ya kufidia, anaweza kuzima mezani. Kwa hiyo akienda kokote kufanyiwa operesheni, hata ndogo, aseme mapema ana valvu.

Ila dada swali langu kubwa, hiyo degedege imetoka wapi? Wamempiga siti skani ya kichwa? Mwenye valvu ya chuma bonge la damu linaweza kukimbilia kwenye ubongo, au wafarini ikizidi akavujia ndani. Hilo lijulikane kwanza.

BintiUyole: Skani bado kaka, na INR ya mwisho ni ya zamani.

MfamasiaSoweto: Basi usingoje kliniki, mpeleke leo hii hospitali ya Rufaa na vidonge vyote mkononi. Muulizie pia daktari kuhusu levetirasetamu, dawa nyingine ya degedege, hiyo haigombani sana na wafarini.

BintiUyole: Ndaga sana, tunatoka sasa hivi.