Tupeane uzoefu: ulipopiga hema palikuwaje usiku?

Mwanamombo

Habari zenu wakuu. Kiangazi kimeingia na kila siku naona watu wanaulizana hema zuri linauzwa wapi na viatu gani havichubui. Hayo muuza duka atakujibu. Mimi naomba tuzungumzie ardhi yenyewe unayolalia, maana hapo ndipo usiku unapoharibika au kunyooka.

Naanza mimi. Tulitembea kwenye milima ya Usambara, kutoka Lushoto kwenda Mtae kupitia msitu wa Magamba na Rangwi, mwezi wa Julai. Jioni moja tukapata uwanja mzuri bondeni, majani mafupi, kijito pembeni. Tulikuwa tumeshatua mizigo pale alipopita bibi na mzigo wake wa majani ya ng'ombe. Akatuambia, "Wanangu, hapo baridi ndipo inapolala. Pandeni kidogo." Tukapanda hadi begani mwa kilima, mahali penye vichaka vya kukinga upepo. Asubuhi bonde lote lilikuwa limefunikwa na ukungu mzito, sisi juu tunaota jua na chai mkononi. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, usiku huteremka mteremkoni na kutuama chini. Bibi yule hakuhitaji kipimajoto.

Na msipige hema chini ya mkaratusi. Matawi yake huanguka hata siku isiyo na upepo.

Kinole

Mwanamombo umenikumbusha Uluguru. Kwetu shughuli ni siafu. Mvua ikishalowesha ardhi, huhama usiku kwa msafara, na hema lako likiwa njiani hawazunguki. Kabla sijapiga hema huwa nazunguka na tochi nikitafuta vijia vyembamba vilivyosafishwa kwenye majani makavu. Nikiviona, nahama.

Wakikuingilia, msipigane nao. Kuna kijana tuliyekuwa naye alianza kuwakanyaga gizani, wakampanda hadi kwapani. Toka nje, vua nguo bila aibu, wang'oe mmoja mmoja, kaa mbali na usubiri. Msafara ukishapita, hema ni lenu tena. Wazee huzungushia majivu. Nami huzungushia, ila sitegemei majivu peke yake.

Nakuru254

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Huku kwetu kuna mambo mawili.

Naivasha: viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi, na hurudia njia zao zile zile. Ukiona nyasi fupi kama zimefyekwa na njia pana inayoelekea majini, hapo ni kwao. Lala ndani ya uzio wa kambi, na usiku usishuke ufukweni hata kuchota maji. Kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini hana mzaha.

La pili ni mito mikavu upande wa Magadi. Mchanga laini, tambarare, inavutia kweli. Tulikuwa tumelala juu ya ukingo, anga lote nyota, tukasikia mngurumo. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, kwetu hata tone. Maji yalipita yamebeba magogo. Kwenye mchanga ule kulikuwa na alama za moto wa watu waliolala kabla yetu, na bado huwa nawafikiria. Tazama ukingoni: takataka zilizonasa kwenye matawi hukuonyesha maji hufika wapi.

Mama Sakina

Mimi husafiri na mabinti, kwa hiyo jambo langu la kwanza si ardhi, ni mwenyekiti wa kijiji. Tunafika mapema jua lingali juu, tunajitambulisha, tunaeleza tunakokwenda na tutakaa hadi lini. Mara nyingi tunaonyeshwa uwanja wa shule au wa kanisa, na mtu wa kutuangalia. Anayepiga hema kwa kujificha ndiye anayeshukiwa. Na mashamba yana wenyewe, hata yaliyolala.

Choo ni mbali na kijito, hatua mia moja hivi, na unafukia. Watu wa chini wanakunywa maji hayo hayo. Ya kunywa tunachemsha hata yakiwa maangavu.

Jambo ambalo siwezi kulinyamazia: jiko la mkaa lisiingie hemani. Hata limebaki makaa tu, hata mlango uko wazi kidogo. Gesi yake haina harufu, mtu analala na haamki. Milimani baridi inashawishi sana. Bora mlale mmebanana na chupa ya maji moto miguuni.

Mpagazi Mstaafu

Kilimanjaro kambi zimepangwa, huchagui popote. Ila mpangilio wake una akili ya kuiga. Kwenye njia ya Machame wageni hupandishwa mchana hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha hushushwa kulala Barranco, karibu mita 4,000. Mwili unaonja urefu halafu unapumzika chini. Mtu akiumwa kichwa na kutapika, haendelei kupanda. Akianza kuyumba au kuongea yasiyoeleweka, anashushwa saa hiyo hiyo, iwe saa nane ya usiku. Usisubiri kupambazuke.

Mgeni Mpya

Shikamooni. Natarajia kufika Mtae mwezi ujao na hema la watu wawili. Wanasema kuna upepo mkali, ni kweli?

Mwanamombo

Marahaba. Ni kweli, kijiji kiko ukingoni kabisa, chini yake ni tambarare za Mkomazi. Usivutiwe na kulala ukingoni mwa genge kwa ajili ya picha. Rudi nyuma ya nyumba au miti, geuza mlango upande usio na upepo, kamba zote uzifunge kabla ya giza na uweke mawe juu ya vigingi. Ukifika, ulizia uwanja kwa wenyeji, kisha uje utusimulie.