Nimegeuza nyuzi za gitaa la kulia ili nipige kishoto, kodi zinachafuka. Shida iko wapi?

shoto_tupu
Wakuu salaam. Mimi ni mashoto na ndiyo kwanza naanza gitaa. Ninalo la boksi, nyuzi za chuma, la kawaida la mkono wa kulia. Nimetoa nyuzi zote nikazipanga kinyume, seti ya 12 kwa 53 (unene wa uzi mwembamba na mnene, kwa sehemu za elfu za inchi), ili nikilishika kishoto uzi mnene ukae juu. Nyuzi wazi (zisizobanwa) zinakubali kwenye tyuna bila shida. Nikishika kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya G au F, nyuzi nene zinasikika zimepanda. Uzi wa kwanza nao ukiwa wazi unalia zzz na unachezacheza kwenye mfereji wake. Muuza duka anasema daraja limelala upande mbaya, kwa mashoto gitaa hili halifai. Nitengeneze, ninunue la kishoto, au nikubali yaishe nijifunze kulia?

fundi_msasa
Gitaa zima kabisa, mkuu. Muuza duka kaona kitu cha kweli, ila kambambikia kosa asiyehusika.

Ni kweli mfupa wa daraja, kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi pale kwenye boksi, kwenye magitaa ya nyuzi za chuma umewekwa mshazari. Upande wa nyuzi nene uko nyuma kwa kama milimita 3 kuliko upande wa nyuzi nyembamba. Ukigeuza nyuzi, ule mnene unakosa urefu wake. Lakini piga hesabu. Kwa gitaa la milimita 650 toka nati (pale shingo inapoanzia) hadi darajani, kosa la milimita 3 linapandisha sauti kwa senti 8 hivi ukibana freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) ya 12 (nusu toni ni senti 100). Kwenye freti ya 3 ni senti moja na nusu tu, hakuna sikio la mwanafunzi litakalolalamika. G yako inaishia freti ya 3, kwa hiyo daraja si mshitakiwa.

Mshitakiwa ni nati, kile kipande cheupe chenye mifereji sita pale shingo inapokutana na kichwa. Unene wa nyuzi zako toka wa kwanza hadi wa sita ni milimita 0.30, 0.41, 0.61, 0.81, 1.07 na 1.35. Mfereji uliochongwa kwa uzi wa 0.30 sasa umebebeshwa wa 1.35. Hauingii, unakaa juu ya mdomo wa mfereji. Ukibana freti ya 1 unalazimika kuushusha uzi mbali sana, unakazika, sauti inapanda. Ndiyo maana F inakuudhi kuliko zote. Ule mwembamba nao umelala kwenye mfereji wenye upana mara nne na nusu ya unene wake, hauna ukuta wa kuushika. Ukiupiga unatetemeka ndani ya mfereji, ndiyo hiyo zzz.

Hakikisha kabla hujamlipa mtu hela. Funga kapo (kibanio cha shingoni kinachobana nyuzi zote) freti ya 2, tyuni upya, kisha shika umbo lilelile la G. Kapo inaiondoa nati kwenye kesi. Kama kodi imetakata na zzz imeisha, umeshajua.

rizimu_kavu
Mimi niko upande wa "jifunze kulia", na si kwa sababu ya zile habari za "mkono wa kushoto si mzuri". Gitaa linafanyisha kazi mikono yote miwili. Mark Knopfler na Gary Moore ni mashoto na wote walipiga kulia. Halafu kuna suala la kuazima: gitaa la kwaya, la bendi, la rafiki, yote ni ya kulia. Mashoto aliyejifunza kishoto anabeba lake au anakaa kimya.

solo_la_pili
Hoja ya kuazima naikubali, hiyo ya mikono miwili siikubali. Kazi hazifanani. Mkono wa shingoni unashika maumbo, na hayo kila mtu anajifunza kuanzia sifuri. Mkono wa kupiga ndio unaobeba mapigo, na hapo wapo mashoto ambao mkono wa kulia unaachia mdundo kila wanapoanza kuimba.

Jipime hivi. Zima nyuzi zote kwa kuzigusa tu kwa kiganja cha mkono wa shingoni, bila kubana. Weka metronomu mapigo 70 kwa dakika, piga chini-juu, chini-juu, yaani mara mbili kwa kila pigo. Ukishazoea, hesabu kwa sauti toka 100 kurudi nyuma huku unaendelea kupiga. Fanya dakika 5 kulia, dakika 5 kushoto, kwa wiki moja. Ukiona mikono inakaribiana, chukua kulia, maisha yatakuwa rahisi. Mkono wa kulia ukipotea kila ukifika tisini na kitu, baki kushoto na usisikilize mtu. Usipime kwa ugumu wa kubana nyuzi au maumivu ya ncha za vidole, hayo yanampata kila anayeanza, wa kulia na wa kushoto.

Njia moja uiepuke: kupindua gitaa bila kugeuza nyuzi, uzi mwembamba ukabaki juu. Albert King alipiga hivyo, na Elizabeth Cotten wa North Carolina pia, yeye akipiga besi kwa kidole na melodi kwa dole gumba. Wakubwa hao, lakini kwa anayeanza ni kujichimbia shimo. Hasa ukitaka kupiga kikavu cha Katanga (gitaa la boksi la kusini mwa Kongo), mtindo wa akina Mwenda wa Bayeke, ambao dole gumba linashika besi na cha shahada kinaimba. Gitaa likipinduliwa kila kidole kinahama kazi, na hutapata mwalimu wa kukuelekeza.

shoto_tupu
Asanteni sana. Kapo freti ya 2 imesafisha kila kitu, ni nati kweli. Mkono nabaki kushoto. Sasa, nati siwezi kuing'oa tu nikaigeuza, kulia iende kushoto? Na pengo sahihi napimaje?

fundi_msasa
Kuigeuza kunavutia, lakini mifereji ina mteremko. Imechongwa iwe juu zaidi upande wa freti ili uzi uanze kutoa sauti pale pale, kisha inashuka kuelekea kichwani. Ukiigeuza, sehemu ya juu inakwenda upande wa vikazio, uzi unaanza kutoa sauti nyuma kidogo na unakwaruza mfereji njia nzima. Itabidi uchonge mteremko upya. Ni afadhali nati mpya, ya kishoto au ya mfupa isiyochongwa.

Kung'oa: toa nyuzi zote. Kata mstari wa vanishi kuzunguka nati kwa wembe, ukiruka hatua hii utabandua rangi ya kichwa. Weka kibao kidogo upande wa freti, gonga kwa nyundo nyepesi kuelekea kichwani mara mbili tatu. Ikigoma usiongeze nguvu, kata mstari tena. Kwenye magitaa mengi ya umeme nati imekaa ndani ya mfereji wa shingo, hiyo inasukumwa pembeni. Kurudishia, matone mawili ya gundi yanatosha, kuna siku itahitaji kutoka tena.

Kama huna hela ya nati, iliyopo inarekebishika. Mifereji miwili iliyokuwa ya nyuzi nene ijaze unga wa mfupa na tone la supagluu, acha ikauke kabisa, kisha chonga upya kwa uzi wa 1 na wa 2. Ile ya nyembamba ipanue kwa uzi wa 5 na wa 6. Ya katikati inataka kuguswa kidogo tu. Mfereji uzidi unene wa uzi kwa milimita 0.05 hivi. Kwa nyuzi nene, kipande cha uzi mkongwe uliozungushiwa waya kinafanya kazi ya tupa vizuri.  Kwa ule wa kwanza tafuta tupa halisi au mpe fundi.

Kupima: bana uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, angalia juu ya freti ya 1. Pengo liwe la unene wa karatasi. Gonga uzi hapo kwa kidole: ukisikia mlio mdogo wa chuma, pengo lipo na linatosha. Usiposikia kitu, umechimba sana na uzi wazi utakwaruza.

shoto_tupu
Uzi wa sita pengo linapitisha kadi ya benki bila kugusa!

fundi_msasa
Kadi ni milimita 0.76, ndiyo maana F inalia kama ya gitaa jingine. Shusha kidogo kidogo, pima kila baada ya mikwaruzo mitano. Na mfupa wa daraja usiuache hivyo hivyo: kwenye magitaa mengi upande wa nyuzi nene ni mrefu kwenda juu. Kama haujagundishwa, uchomoe uugeuze mwisho kwa mwisho. Mfereji wake mshazari kwenye mbao uache kwa sasa, kuuziba na kuuchimba upya ni kazi ya fundi. Utaihitaji siku utakapoanza kupanda juu ya freti ya 7.

nailoni_tu
Kwa mashoto wengine wanaosoma: kama hamjanunua, angalieni gitaa la klasiki la nailoni. Mfupa wa daraja lake karibu umenyooka, na nyuzi zinatoka 0.71 hadi 1.1 tu, tofauti ni ndogo. Nati bado itaguswa, na msishangae uzi wa 3 (1.02) kuwa mnene kuliko wa 4 (0.74), hivyo ndivyo ilivyo. Anayetaka la chuma la kishoto toka kiwandani, Yamaha wana FG820L, kwenye maduka mengi ni la kuagiza. Msinunue la kulia lenye kiuno kilichokatwa kwa nia ya kuligeuza, mkato unahamia juu na freti za mwisho hamtazifikia.

solo_la_pili
Shoto, na michoro ya kodi. Imechorwa uzi mnene ukiwa kushoto, kwako ni kinyume. Badala ya kugeuza picha kichwani, soma namba. C ni x32010: toka uzi wa 6 kwenda wa 1, usipigwe, freti 3, freti 2, wazi, freti 1, wazi. Namba hazijui mkono, tabu (maandishi ya gitaa yanayotumia namba za freti) pia haibadiliki. Ukifundishwa na mtu wa kulia kaa mbele yake mkitazamana, utamwona kama kioo, wenzako wa kulia hawana bahati hiyo. Kucha za mkono wa kulia kata fupi kabisa. Za kushoto, kama utapiga kwa vidole bila piki, ziache zizidi ncha ya kidole kwa milimita 1 au 2.