Re: Kupita Kigali kwenda Goma, ni usaliti?

Kaka wa Liège

Jamaa, salamu. Mama anafanyiwa operesheni Goma mwezi ujao na nataka nifike mwenyewe. Tiketi ya bei nafuu ni ya Kigali. Nina paspoti ya Ubelgiji. Aliyepita huko karibuni anieleze. Na makuta, yaani pesa, je, nibebe mkononi ao nitume?

Mzee wa Montréal

Kijana, pole na mama. Lakini dola utakayoacha Kigali itarudi Kivu ikiwa risasi. Watu wamepiga kelele mpaka Arsenal wakakubali kuacha lile tangazo la "Visit Rwanda" kwenye mkono wa jezi, mkataba unaisha Juni 2026. Wewe leo unataka kuwalipia hoteli? Na lingine: huu mchango wa matanga wa chama chetu, kwa yule mama wa Ottawa aliyefiwa. Wale ni Banyamulenge, Watutsi, wachangiwe na wenzao.

Dada wa Himbi, Goma

Mzee wetu, pokea salamu. Nitakurudia. Namjibu kwanza mwenye mgonjwa.

Kaka, uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025. Februari ya mwaka huohuo Kinshasa ikazifungia ndege za Rwanda anga yake. Kwa hiyo utashuka Kigali, upande gari mpaka Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, masaa matatu ao manne. Njia nyingine ni Entebbe halafu Bunagana, mpaka ambao Uganda iliufungua tena Julai 2025. Ni mbali, na mwenye mgonjwa hana siku za kupoteza njiani.

Jambo ambalo wauza tiketi hawakuambii: Rwanda ilivunja uhusiano na Ubelgiji tarehe 17 Machi 2025. Ukipotezea paspoti Kigali, hakuna ubalozi wa Ubelgiji wa kukimbilia. Beba kopi, na nyingine umwachie mtu huko Liège. Ukifika Grande Barrière, kivuko kikubwa cha mpaka, upande wetu, wanaokaa dirishani ni watu wa AFC/M23, yaani M23 na muungano wao, si DGM, uhamiaji wa Kinshasa. Muhuri wao ukiendelea nao hadi Kinshasa, jiandae kuulizwa.

Makuta sasa. Benki zilifunga milango siku zile, na mpaka leo tunaishi kwa simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Lakini kuona makuta kwenye simu si kuyashika. Mwenye kibanda atakuambia hana kitu, ao atakukata anavyotaka yeye, na wewe una mgonjwa kitandani, utabishana naye nini? Ndiyo maana wenye kadi ya benki wanavuka kwenda kutoa Gisenyi. Ukibeba dola, kagua noti mojamoja kabla hujafunga sanduku. Kambisti wa hapa, mbadilisha pesa, anaiinua juani, anapitisha ukucha ukingoni pande zote nne, na akikuta mchaniko ambao wewe hata hukuuona, anakurudishia bila neno. Kisha yeye huyohuyo anakupa faranga 500 iliyoungwa kwa skochi, nyeusi, haisomeki, na ole wako uikatae.

Mzee, sasa ni zamu yako.

Kuhusu jezi hatugombani. Aliyetuma askari atajwe kwa jina. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba jeshi la Rwanda liko huku, Kigali inakana, na Azimio 2773 la Baraza la Usalama, Februari 2025, liliitaka Rwanda waziwazi iondoe askari wake. Marais wa Kongo na Rwanda wakatia sahihi amani Washington tarehe 4 Desemba 2025, na wiki haikuisha M23 wakaingia Uvira. Hapa hakuna anayehitaji kufundishwa nani alivuka, tulikuwa chini ya vitanda.

Ila viazi, vitunguu na maziwa ya jiko langu vinapita Petite Barrière, kivuko kidogo, vichwani mwa akina mama, wa kwetu na wa kule. Hata ile CEPGL ya 1976, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, iliyoanzishwa ili Wakongomani, Wanyarwanda na Warundi tutembeleane, makao yake iliyawekea Gisenyi, hapo ng'ambo. Ukisema kila anayevuka ni msaliti, umehukumu Birere nzima, mtaa wetu wa mpakani. Wewe susia ukiwa Montréal, ni haki yako na inasaidia. Mimi usiniambie nisusie viazi.

Kwenye matanga ndipo uliponikera. Mama yule amelipa mchango wetu miaka yote, na kwenye kilio cha mdogo wako ni yeye aliyesimama jikoni kupika sombe usiku kucha. Banyamulenge ni watu wa Minembwe na Itombwe, Wakongomani kama wewe. Wasema Kinyarwanda wa Masisi hivyohivyo. Askari walipovuka mpaka, mfiwa wa Ottawa hakuvuka nao. Na hizi picha mnazorushiana za "angalieni pua hii", mkiwa mmekaa salama kwenye baridi yenu, zinafika huku siku ileile, na anayezilipia ni mtu aliyekwenda sokoni kununua chumvi. Kinshasa, Agosti 1998, watu waliwindwa na kuuawa kwa kuangaliwa sura tu. Wewe ulikuwa mtu mzima wakati ule, unakumbuka.

Mzee wa Montréal

Dada, kwa viazi nimekusikia. Kwa matanga bado. Tupige kura Jumamosi.

Mweka hazina

Hakuna kura. Kanuni tulizotia sahihi sote, na wewe mzee ukiwemo, zinasema aliyelipa michango yake anazikiwa. Amelipa. Makuta yameshatumwa Ottawa.

Kaka wa Liège

Dada, Mungu akubariki. Noti za ishirini zinapokelewa, ao nitafute za mia?

Dada wa Himbi, Goma

Za mia. Na usizikunje.